Sheikh Al-Amin na Dawa za Bibi



Nyumbani kwetu Kinyinya, tangu nikiwa darasa la tatu, kazi yangu ilikuwa kumsomea bibi karatasi za dawa. Kadi ya mituweli anayo, dawa anapewa, lakini hakujua ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya usiku. Utotoni mwake shule nyingi zilikuwa za wamisheni. Wazazi wake walihofia dini yake, wakambakisha nyumbani. Ndiyo maana maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui yamenigusa.

Sheikh alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, naye mwanachuoni, alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alisoma pia Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Elimu hiyo ingemtosha kukaa msikitini na kuheshimiwa. Yeye mwaka 1930 akaanzisha Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiandika kwa Kiswahili ili hata muuza samaki aelewe.

Pwani nako kulikuwa na hofu ileile ya wazee wa bibi. Sheikh hakuidharau, kwani naye aliwaonya wazazi juu ya shule za wamisheni. Lakini hakukubali kwamba dawa ya hofu ni ujinga. Alitaka Waislamu wasome dini na elimu ya dunia pamoja, na wasichana wasiachwe nyuma. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi alipofariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ndiye aliyekuja kuifasiri Qurani nzima kwa Kiswahili.

Leo tunasema elimu ni haki na matibabu ni haki. Kwa bibi nimeona kuwa haki hizo ni pacha: ukinyimwa moja, ya pili inakufikia nusu.

Herufi za Qurani bibi anazijua tangu madrasa. Likizo iliyopita niliandika asubuhi na usiku kwa herufi hizo juu ya pakiti zake, kama Waswahili wa kale walivyoandika lugha yao. Akasoma mwenyewe, akanitazama, akacheka. Miaka yote hiyo nilimsomea tu, sikuwahi kumfundisha.

Ndugu yangu, nyumbani kwenu unamsomea nani? Likizo hii, anza kumfundisha.

Allah amrehemu Sheikh wetu. Amin.