Rosetta Tharpe: Gitaa Baina ya Kanisa na Ukumbi wa Dansi

Chimbuko la muziki wa roki linapojadiliwa, jina linalotangulia vinywani mwa wengi ni la Elvis Presley. Hata hivyo, miaka kumi kabla ya Elvis kurekodi wimbo wake wa kwanza wa kibiashara mnamo 1954, mwanamke mweusi wa Marekani alikuwa tayari ameupa muziki huo sauti yake ya gitaa la umeme.

Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka wa 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, Arkansas. Mamake, Katie Bell Nubin, alikuwa mhubiri katika dhehebu la Kipentekoste lililoruhusu ala na kucheza ibadani. Rosetta alilijua gitaa tangu utotoni, na mama na mwana wakahamia Chicago.

Mwaka wa 1938 alirekodi na kampuni ya Decca na kutumbuiza Cotton Club, New York. Nyimbo za Mungu kuimbwa penye pombe na wacheza dansi! Waumini wengi walighadhabika. Walimwengu nao walimtaka aiache dini. Rosetta alikataa kuchagua, na katika ukaidi huo ndimo ulimozaliwa mtindo wake: maneno ya kanisani, mapigo ya mtaani.

Wimbo wake "Strange Things Happening Every Day", aliourekodi mwaka wa 1944 na mpiga piano Sammy Price, ulifika nafasi ya pili katika orodha ya Billboard ya muziki wa Weusi mwaka uliofuata. Kama huo ndio wimbo wa kwanza wa roki, wahakiki wangali wanabishana. Asikilizaye gitaa lile hatashangaa ubishi huo unatoka wapi. Mwaka wa 1947, mjini Macon, Georgia, alimpandisha jukwaani kijana muuza soda, akamwachia aimbe, kisha akamlipa. Kijana huyo ndiye Little Richard.

Mwaka wa 1951 maelfu ya watu walilipa kiingilio kuishuhudia harusi yake uwanjani Washington. Umaarufu huo haukudumu. Kiharusi kilimpata, mguu ukakatwa, na mwaka wa 1973 akafariki Philadelphia. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina kwa zaidi ya miaka thelathini.

Jumba la Heshima la Roki lilimwingiza mwaka wa 2018. Elvis na yule muuza soda wa Macon walikuwa wameingizwa humo tangu 1986.