Musa bin Maimun na Shukrani ya Aliyevuka Bahari

Soma: Kutoka 20:8, Mambo ya Walawi 23:32, Zaburi 107:23–32

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo jirani na Wete, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri. Dhahabu hiyo ilifika kwa njia ya bahari. Katika karne iliyofuata, bahari hiyo hiyo ya Hindi ilimwachia Myahudi mmoja wa Misri jeraha lisilopona. Waarabu walimwita Musa bin Maimun, na Wazungu humwita Maimonides.

Alizaliwa Cordoba, Hispania, karibu na mwaka 1138. Alikuwa bado mtoto mji ule ulipotekwa mwaka 1148 na watawala waliowalazimisha Wayahudi kubadili dini. Familia yake ikatangatanga miaka mingi, ikakaa Fez, Moroko, na huko nako hapakuwa salama. Mwezi Aprili 1165 wakaamua kukimbilia nchi ya Israeli kwa meli.

Alipanda melini usiku wa kuamkia Jumapili, Sabato ikiwa imekwisha. Sheria ya Kiyahudi, ambayo baadaye aliiandika mwenyewe, haipendi mtu aanze safari ya bahari zikiwa zimebaki pungufu ya siku 3 kabla ya Sabato, kwa kuwa anayeanza safari hutaabika mwilini, na Sabato inataka moyo uliotulia. Yeyote aliyewahi kutapika njia nzima kutoka Unguja hadi Mkoani ataona busara ya sheria hiyo.

Hata hivyo Sabato ile haikuwa tulivu. Siku ya saba ikawakuta katikati ya bahari, na dhoruba kubwa ikainuka hata wakakata tamaa ya kuishi. Musa akaweka nadhiri: kila mwaka yeye na nyumba yake wangefunga na kutoa sadaka kwa kukumbuka siku ya kupanda melini na siku ya dhoruba. Tena siku ya dhoruba angekaa peke yake akisali na kujifunza, pasipo kuonana na mtu, kwa sababu siku ile baharini hakuwa na wa kumtegemea ila Mungu. Akawaagiza na watoto wake waishike.

Majuma 4 kamili baada ya kuondoka, tena usiku Sabato ilipokwisha, alishuka salama katika bandari ya Akka. Katika kumbukumbu zake aliziandika tarehe hizo moja moja, kama mtu anayeandika hesabu ya deni. Humo pia aliitaja siku nyingine ya mwezi wa Sivani, aliyoitenga kwa kufunga na kutoa sadaka: siku ambayo mdogo wake, Daudi, alimfikia salama.

Daudi alikuwa mfanyabiashara wa vito. Familia ilipohamia Fustat, karibu na Kairo, yeye ndiye aliyewalisha wote, ili kaka yake apate nafasi ya kuandika. Na kazi ile ilikuwa kubwa: kupanga sheria zote za Kiyahudi katika kitabu kimoja, Mishneh Torah, kilichomchukua miaka 10 hivi na kukamilika karibu na 1178.

Humo aliandika kwamba kuikumbuka Sabato ni amri ya kutamkwa kwa kinywa, inapoingia na inapotoka. Nyota tatu zikionekana, mwenye nyumba hushika kikombe cha divai, hunusa manukato, hubariki nuru ya taa, na kumshukuru Mungu atengaye kitakatifu na cha kawaida. Kabla ya hapo hali chakula wala harudii kazi. Kwa nini manukato? Musa anajibu kwamba nafsi huhuzunika Sabato inapoondoka, basi hufarijiwa kwa harufu nzuri. Leo Wayahudi wengi hutumia karafuu, ambayo kila nyumba ya Pemba inaijua harufu yake, ingawa katika siku za Musa mikarafuu ilikuwa bado haijapandwa kisiwani.

Aliandika pia sheria ya wanne wanaopaswa kushukuru: mgonjwa aliyepona, mfungwa aliyefunguliwa, aliyevuka jangwa na aliyetoka baharini. Wengi tukisoma Zaburi 107 huishia fungu la 30, chombo kikiwa kimefika bandarini. Musa aliyachukua mafungu mawili yanayofuata kuwa wajibu. Kushukuru kimoyomoyo hakutoshi. Msafiri husimama mbele ya watu 10, wawili wao wakiwa wenye elimu, akasema hadharani kwamba Mungu amemtendea mema, na kusanyiko likamwitikia.

Daudi alikuwa na sababu ya kushukuru hivyo. Katika safari yake ya mwisho alilivuka jangwa hadi Aydhabu, bandari ya Bahari ya Shamu, yeye na mwenzake mmoja tu, na huko akasikia kwamba msafara waliouacha ulikuwa umeporwa, na baadhi ya watu kufa kwa kiu. Alimwandikia kaka yake asiwe na hofu. Bidhaa za Aydhabu hazikumfaa, kwa hiyo akapanda meli kuelekea India. Barua hiyo ipo hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge.

Meli ilizama katika Bahari ya Hindi. Daudi alikufa pamoja na mali yake na ya wengine, akaacha mjane na binti mdogo. Pemba wanajua kusubiri kwa namna hiyo, tangu MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Jumamosi, 10 Septemba 2011, ikielekea kwao. Musa alilala kitandani karibu mwaka mzima akiwa na homa na huzuni. Miaka 8 baadaye alikuwa bado akiomboleza, na kila alipouona mwandiko wa Daudi moyo wake uligeuka ndani yake.

Aliwatunza mjane na mtoto. Kwa kuwa hakutaka kuishi kwa kulipwa mafundisho ya dini, akafanya uganga, akawa tabibu katika baraza la Sultani Salahuddin, akirudi nyumbani amechoka na kukuta wagonjwa wamejaa mlangoni. Kitabu chake aliendelea kukisahihisha hadi uzeeni, na sheria ya aliyetoka baharini imebaki humo.

Alifariki Fustat tarehe 13 Desemba 1204. Kaburi lake huonyeshwa Tiberia, karibu na Bahari ya Galilaya.