Simon Stevin, mtu aliyepima nguvu

Zamani, mwaka 1548, mtoto mmoja alizaliwa katika mji wa Bruges, katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji. Jina lake Simon Stevin. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuandika hesabu za wafanyabiashara katika mji wa Antwerp. Antwerp ni bandari kubwa. Huko kila siku mapipa na magunia yalishushwa toka merikebu, na watu walivuta kwa kamba, wakasukuma, wakatoka jasho.

Baadaye Simon alisafiri katika nchi za kaskazini, kisha akakaa Uholanzi, katika mji wa Leiden. Alikuwa na miaka zaidi ya 30 alipoingia shule kubwa ya mji ule, pamoja na vijana. Hakuona haya.

Katika siku zile mafundi walijua kwa mikono yao kwamba ni vyepesi kupandisha pipa juu ya ubao mrefu wenye mteremko mdogo, na ni vigumu juu ya ubao mfupi uliosimama sana. Lakini ni vyepesi kwa kiasi gani? Fundi asiyejua hufunga kamba nyembamba. Kamba hukatika, na mzigo huponda watu. Stevin alitaka kujua kipimo chenyewe.

Basi akawaza kilima kidogo chenye pande mbili. Upande mmoja ni mrefu mara mbili kuliko wa pili. Akauzungusha kwa akili mkufu wa matufe 14, yote ya uzito mmoja, yenye nafasi sawa kati yao. Matufe 4 yalilala juu ya upande mrefu, 2 juu ya upande mfupi, na 8 yalining'inia chini.

Je, mkufu huo utakwenda? Mtu mwenye haraka atajibu kwamba 4 yatayashinda 2. Lakini tazama vizuri. Mkufu ukisogea nafasi ya tufe moja, kila tufe linashika mahali pa jirani yake, na 4 yako tena upande mmoja, 2 upande wa pili, 8 chini. Hakuna kilichobadilika. Basi kama ungeanza kwenda, ungezunguka siku zote bila mtu wala mnyama wa kuusukuma. Stevin alijua kwamba jambo hilo haliwezekani. Kwa hiyo mkufu umetulia.

Kisha akayaondoa yale 8 ya chini, kwa maana yanavuta sawasawa pande zote mbili. Yaliyobaki yametulia vilevile: matufe 4 upande mrefu yanatoshana na matufe 2 upande mfupi. Hapo kipimo kilionekana. Kama kimo ni kimoja, na mteremko ni mrefu mara mbili, nguvu ya kuvuta ni nusu. Ukiwa mrefu mara tatu, nguvu ni theluthi. Lakini njia nayo imeongezeka: anayevuta kwa nguvu kidogo hutembea zaidi.

Uzito mwingine umekwenda wapi? Haukupotea. Ubao wenyewe unasukuma mzigo na kuubeba. Mzigo uliotulia juu ya ubao una nguvu tatu: uzito unaouvuta chini, ubao unaousukuma, na kamba inayouvuta. Stevin alifundisha kuchora nguvu kwa mistari. Nguvu kubwa, mstari mrefu. Nguvu ndogo, mstari mfupi. Na mstari unaelekea upande ule ambao nguvu inaelekea. Alionyesha hivyo pia mzigo uliotundikwa kwa kamba mbili. Kamba zikitanuka sana, kila moja inakazwa zaidi, hata kama mzigo ni uleule. Hata leo wanafunzi wa fizikia huchora kitu kimoja peke yake, kisha huweka mshale kwa kila nguvu inayokigusa au kukivuta. Mshale ukisahauliwa, hesabu yote inaharibika.

Stevin aliandika mambo hayo katika kitabu cha mwaka 1586, na picha ya mkufu wake ikawekwa katika ukurasa wa kwanza. Katika mwaka uleule alieleza jambo jingine. Yeye na rafiki yake Jan Cornets de Groot waliangusha matufe mawili ya risasi kutoka kimo cha futi 30. Moja lilikuwa zito mara kumi kuliko la pili. Watu wengi waliamini kwamba lile zito litatangulia sana. Lakini yote mawili yalipiga ubao wa chini kwa mshindo mmoja.

Wataalamu wa siku zile waliandika kwa Kilatini, na mafundi hawakukielewa. Stevin aliandika kwa Kiholanzi, lugha ya nyumbani. Pale neno lilipokosekana, alitunga jipya. Alitaka elimu ya nguvu imfikie yule anayeshika kamba. Yeye mwenyewe alitengeneza vinu vya kutoa maji mashambani, akamfundisha mtawala Maurits hesabu, akajenga gari lenye matanga lililosukumwa na upepo ufukoni mwa bahari.

Alikufa mwaka 1620. Mwaka 1846 watu wa Bruges walisimamisha sanamu yake katika uwanja wenye jina lake. Mtu huyu alitufundisha kwamba jambo linalotushangaza lina sababu yake, na anayetafuta kwa utaratibu ataiona.

Maulizo
1. Kwa nini mkufu wa matufe 14 hauwezi kuzunguka peke yake?
2. Mzigo wa kilo 60 unapandishwa juu ya ubao laini. Ubao ni mrefu mara tatu kuliko kimo chake. Nguvu ya kuvuta yatoshana na uzito wa kilo ngapi?
3. Chora kitabu juu ya meza. Weka mshale kwa kila nguvu. Ni nguvu ngapi?