Ezra Cornell: Seremala aliyekataa kuuza kwa bei ya kutupa

Ezra Cornell alizaliwa mwaka 1807 katika jimbo la New York, Marekani. Alikuwa seremala, kisha mchuuzi wa plau. Mwaka 1843 alibuni plau ya kufukia nyaya za telegrafu. Aliwekeza katika hisa za kampuni za telegrafu, na Western Union ilipostawi akatajirika.

Mwaka 1862 serikali iliyapa majimbo ardhi, ambayo wenyeji wa asili walikuwa wamenyang'anywa, ili mauzo yake yagharimie vyuo vya kilimo na ufundi. New York ilipata hati za ekari 990,000 hivi. Majimbo mengi yaliuza kwa pamoja, bei ikaporomoka chini ya dola moja kwa ekari.

Cornell, aliyetoa dola 500,000 na shamba lake la Ithaca kuanzisha chuo, alinunua sehemu kubwa ya hati hizo. Alichagua misitu ya misonobari Wisconsin na kuishikilia, akiahidi kuwa faida yote itakwenda chuoni.

Chuo Kikuu cha Cornell kilifunguliwa mwaka 1868 kikiwa na wanafunzi 412. Lakini kodi za ardhi zilimlemea, na wapinzani wakamshutumu kuwa anajineemesha. Alifariki Desemba 1874 kabla ya kuona matunda. Baadaye misitu hiyo iliuzwa kidogo kidogo, chuo kikapata takriban dola milioni 5.

Kusubiri bei nzuri kunalipa, ila kuna gharama zake. Kabla ya kuweka mazao ghalani, mkulima apige hesabu hizo kwanza.