JULES BORDET, MCHUNGUZI WA KINGA YA MWILI

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba chembe nyeupe za damu hupigana na vijidudu viingiavyo mwilini. Je, chembe hizo hufanya kazi hiyo peke yake? Leo tutasoma habari za mtu aliyelitafutia swali hilo jibu kwa njia ya majaribio.

Jules Bordet alizaliwa tarehe 13 Juni 1870 katika mji wa Soignies, nchini Ubelgiji. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Jules alisomea utabibu mjini Brussels, akafuzu kuwa daktari mwaka 1892. Mwaka 1894 alikwenda Paris, Ufaransa, kufanya kazi katika Taasisi ya Pasteur. Mkuu wake huko alikuwa mtaalamu mashuhuri, Élie Metchnikoff.

Siku hizo wataalamu walikuwa na mabishano makali. Metchnikoff alikuwa ameona kwa hadubini jinsi chembe zinavyomeza vijidudu. Kwa hiyo alishikilia kwamba kinga ya mwili hutokana na chembe hizo. Wengine, hasa katika Ujerumani, walisema kwamba kinga imo katika majimaji ya damu. Bordet alikuwa kijana tu, naye alifanya kazi chini ya Metchnikoff. Itakuwaje ikiwa majaribio yake yataonyesha jambo lisilopatana na fikra za mwalimu wake? Bordet aliamua kuyafuata majaribio.

Damu ikiganda, hubaki majimaji ya manjano yaitwayo seramu. Seramu haina chembe za damu. Mwaka 1895 Bordet alichukua seramu ya mnyama aliyechanjwa dhidi ya kipindupindu, akaichanganya na vijidudu vya ugonjwa huo. Vijidudu vilikufa na kuyeyuka. Kisha aliipasha moto seramu ya namna hiyo hiyo hadi kufikia nyuzi 55 za Sentigredi. Safari hii vijidudu havikufa. Ilionekana kama kwamba nguvu yote ya seramu imepotea.

Bordet hakuishia hapo. Aliongeza seramu mbichi kidogo kutoka kwa mnyama ambaye hakuchanjwa kamwe. Seramu hiyo peke yake haikuweza kuviua vijidudu hivyo. Lakini ilipochanganywa na ile iliyopashwa moto, vijidudu vilikufa tena!

Bordet alitambua kwamba katika seramu mna vitu viwili vinavyosaidiana. Cha kwanza ni kingamwili, ambazo mnyama huzipata baada ya kuchanjwa au kuugua. Hizo haziharibiwi na joto la nyuzi 55. Cha pili kimo katika damu hata ya mnyama asiyechanjwa, lakini joto hilo hukiharibu. Baadaye kitu hiki cha pili kiliitwa komplimenti, maana yake kikamilishaji, kwa sababu hukamilisha kazi iliyoanzwa na kingamwili.

Mwaka 1897 Bordet alisafiri hadi Transvaal, Afrika ya Kusini. Wakati huo ugonjwa wa sotoka ulikuwa umekwisha kuua ng'ombe wengi sana barani Afrika, na wafugaji walikuwa wamepata umaskini mkubwa. Yeye na wenzake walichunguza jinsi seramu ya ng'ombe waliopona inavyoweza kuwakinga wengine. Sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, miaka mingi baada ya kifo chake.

Mwaka 1901 Bordet alirudi kwao kuongoza taasisi mpya ya uchunguzi mjini Brussels. Mwaka 1906, pamoja na mwenzake Octave Gengou, alifaulu kukuza katika maabara bakteria wa kifaduro, ugonjwa wa kikohozi uliokuwa ukiua watoto wengi. Jina la Bordet limo katika jina la kisayansi la bakteria huyo. Kazi hiyo ilisaidia kupatikana kwa chanjo ya kifaduro, ambayo watoto wachanga hupewa hata leo.

Ubelgiji ilipotekwa na majeshi ya Ujerumani katika vita ya 1914 hadi 1918, kazi ya maabara ilikuwa ngumu. Bordet aliutumia muda huo kuandika kitabu kikubwa juu ya kinga ya mwili. Alitunukiwa Zawadi ya Nobel ya mwaka 1919. Alifariki mjini Brussels tarehe 6 Aprili 1961, akiwa na umri wa miaka 90.

Je, nani alishinda katika mabishano yale? Leo tunajua kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Komplimenti si kitu kimoja, bali ni protini zaidi ya 30. Baadhi yake hutoboa ngozi ya bakteria mpaka akafa. Nyingine hujibandika juu ya kijidudu kama mpini. Nazo chembe nyeupe zina vipokezi, yaani sehemu ndogo sana juu ya ngozi zake zinazoushika mpini huo, kama kufuli inavyopokea ufunguo wake. Chembe ikisha kukishika kijidudu, hukimeza. Hivyo majimaji ya damu hutia alama, na chembe hushika na kumeza. Mtu aliyezaliwa akiwa na upungufu wa komplimenti au wa vipokezi hivyo huweza kuugua mara kwa mara.

MASWALI
1. Seramu ni nini?
2. Kwa nini Bordet aliipasha moto seramu?
3. Seramu iliyopashwa moto ilikosa kitu gani? Bordet alijuaje?
4. Vipokezi vya chembe nyeupe hufanya kazi gani?
5. Eleza jinsi Metchnikoff na wapinzani wake walivyokuwa na sehemu ya ukweli.