Edward Jenner: munganga aliyesikiliza wakamua maziwa



Wazee wetu wa Lemera wako na kovu ndogo ku mukono, karibu na bega. Sisi tuliozaliwa nyuma ya mwaka wa 1980 hatuna. Ile kovu ni ya chanjo ya ndui, na historia yake inaanzia kwa Edward Jenner.

Alizaliwa tarehe 17/5/1749 kule Berkeley, Uingereza, muji mudogo wa mashamba na ng'ombe, kama huku kwetu milimani. Wakati ule, mu watu 10 walioshikwa na ndui, 2 ao 3 walikufa. Aliyepona hakushikwa tena. Kwa hiyo waganga walikwaruza ngozi ya mutu muzima na kuingiza usaha wa ndui, apate ugonjwa kidogo. Jenner mwenyewe alifanyiwa vile akiwa mutoto. Lakini mu watu 100, mumoja ao wawili walikufa, na wengine waliambukiza jirani.

Alijifunza kazi London, na 1773 akarudi kwao. Wakulima wa pale walijua jambo moja: mutu akipata ndui ya ng'ombe ku mikono wakati wa kukamua, ndui kubwa haimushike. Mukulima Benjamin Jesty alikuwa amekwisha kuijaribu kwa bibi yake na watoto, 1774. Jenner alitaka kuhakikisha.

Tarehe 14/5/1796, alitoa usaha ku kidonda cha Sarah Nelmes, mukamua maziwa, akauingiza ku mukono wa James Phipps, mutoto wa miaka 8. Mutoto aliugua kidogo tu. Mwezi wa 7, Jenner akamuingiza ndui yenyewe. Haikushika. Leo hakuna angeruhusiwa kujaribu mutoto vile. Lakini ilionekana: kwa ugonjwa mupole, mwili ulijifunza kupigana na ndugu yake mukali.

1798 alichapisha kitabu kwa feza yake. Wengi walimucheka, yeye aliendelea kuchanja maskini bure, ndani ya kajumba ka bustani yake. Alikosea jambo moja: alifikiri chanjo moja inatosha maisha yote. Kumbe nguvu yake inapunguka na miaka, inabidi kurudilia. Alikufa tarehe 26/1/1823. Mwaka wa 1980, OMS ilitangaza kwamba ndui imekwisha mu dunia yote, na chanjo ikasimamishwa.

Lakini mpox ni ya ukoo ule ule wa ndui. 2023 ilianza kuenea Kamituga, kwa wenzetu wachimbaji wa zahabu. Wazee wenye kovu wangali na kinga kiasi, sisi hapana. Ni kweli, aliyepona mpox mwili wake umejifunza. Lakini amelipa bei kali, na pengine bibi na watoto wamelipa pamoja naye. Aliyechanjwa naye anaweza kushikwa, ila mara nyingi ugonjwa unakuwa mwepesi, juu mwili unajua adui mbele afike.

Basi siku wachanjaji watafika kwetu, tusikimbilie ndani ya shimo.