Juan de Palafox na Kaburi Tupu la Puebla

Uwanja mkuu wa jiji la Puebla nchini Meksiko umezungukwa pande tatu na majengo yenye varanda za matao, na upande wa nne, yaani kusini, limesimama kanisa kuu lililojengwa kwa jiwe la kijivu. Kinyume na desturi ya miji mingi, kanisa hilo halikuuelekea uwanja. Mlango wake mkuu unatazama magharibi, na uwanja umeachiwa ubavu wake. Ng'ambo ya barabara iliyo nyuma yake kuna chuo cha zamani chenye maktaba mashuhuri. Majengo hayo mawili, kanisa na maktaba, hayawezi kuelezwa bila kumtaja Juan de Palafox y Mendoza.

Palafox alizaliwa mwaka wa 1600 huko Fitero, katika eneo la Navarra, Uhispania. Alizaliwa nje ya ndoa. Baba yake alikuwa wa ukoo wa makabaila wa Ariza, na mama yake aliyaficha mashaka yake kwa kumwacha mtoto, kisha akaingia utawani. Mtoto huyo alilelewa na familia maskini ya wanakijiji hadi alipokuwa na umri wa miaka tisa, ndipo baba yake akamkubali na kumsomesha. Alisoma katika vyuo vya Huesca, Alcalá na Salamanca, akawa mtumishi wa mfalme katika Baraza la Vita na baadaye Baraza la Indies, lililosimamia makoloni ya Amerika. Mnamo 1629 alipata upadri, na mwishoni mwa 1639 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Puebla.

Alifika Hispania Mpya, kama koloni hilo lilivyoitwa, mwezi wa Juni 1640. Hakufika akiwa askofu tu, bali pia mkaguzi mkuu wa mfalme, mwenye mamlaka ya kuwachunguza watawala. Puebla yenyewe ilikuwa imeasisiwa mwaka wa 1531 kwa ajili ya walowezi wa Kihispania, katika njia ya kutoka bandari ya Veracruz kwenda Jiji la Meksiko. Ujenzi wa kanisa kuu ulikuwa umeanza mwaka wa 1575 chini ya msanifu Francisco Becerra, lakini ulikuwa umekwama. Vizazi viwili vilikuwa vimepita, nalo kanisa lilikuwa lingali halina paa.

Palafox aliifufua kazi hiyo mara moja. Alimkabidhi usimamizi Pedro García Ferrer, mchoraji na msanifu aliyesafiri naye kutoka Uhispania. Aidha, alitafuta fedha kila upande na kuongeza zake mwenyewe, hata akajitia katika madeni. Kwa muda wa miaka tisa nguzo ziliinuliwa, dari za matao zikafungwa, kuba likasimama. Ifahamike, hata hivyo, kwamba mawe hayo hayakunyanyuliwa na askofu. Kazi nzito ilifanywa na wenyeji wa nchi, ambao mfumo wa kikoloni uliwalazimisha kuutumikia mji usio wao. Palafox aliandika kitabu cha kuwatetea na kuzisifu tabia zao mbele ya mfalme, ila hakuuondoa mfumo uliowatumikisha.

Mnamo 1646 alitoa vitabu vyake 5,000 kwa chuo cha Mtakatifu Yohana, kilicho kando ya kanisa kuu. Aliweka sharti moja: vitabu hivyo visomwe si na mapadri na wanafunzi wa seminari peke yao, bali na yeyote aliyetaka kujisomea. Katika zama ambapo elimu ilifungiwa ndani ya nyumba za watawa, sharti hilo lilikuwa zito kuliko hesabu ya vitabu vyenyewe.

Lakini mti wenye matunda ndio upigwao mawe, na Palafox naye hakuwa mtu wa kuogopa ugomvi. Alizinyang'anya jumuiya za watawa parokia zaidi ya 30 na kuziweka chini ya mapadri wa jimbo. Mwaka wa 1642 alimwondoa madarakani gavana mkuu, mtawala wa Escalona, aliyeshukiwa kuwa na uhusiano na waasi wa Ureno, akashika nafasi yake kwa miezi michache. Kisha akagombana na Wajesuiti kuhusu zaka za mashamba yao na vibali vyao vya kuhubiri. Mgogoro huo ulipopamba moto mwaka wa 1647, askofu alilazimika kutoroka mjini na kujificha kwa miezi kadhaa. Mwaka uliofuata Papa alimuunga mkono katika mengi, lakini mfalme alikwisha kuamua kumwita nyumbani.

Kanisa kuu lilizinduliwa tarehe 18 Aprili 1649, ilhali minara yake ingali haijakamilika. Majuma machache baadaye Palafox aliondoka, akiwa na deni kubwa, na hakurejea tena. Alipewa jimbo dogo la Osma nchini Uhispania, akafariki huko tarehe 1 Oktoba 1659. Kaburi alilojiandalia ndani ya kanisa la Puebla lilibaki tupu.

Kazi yake iliendelea bila yeye. Mnara wa kaskazini ulikamilika mwaka wa 1678, na wa kusini mwaka wa 1768. Mwaka wa 1773 askofu Francisco Fabián y Fuero aliijengea maktaba ukumbi wake mkubwa wenye rafu za mbao zilizonakshiwa. Leo ukumbi huo una vitabu zaidi ya 45,000, na mwaka wa 2005 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Palafox mwenyewe, aliyepingwa kwa karne kadhaa hata katika kesi ya kutangazwa mtakatifu, alitangazwa mwenye heri mwaka wa 2011.